Shingo Kwanza

Besi kuukuu huuzwa kwa jina, lakini inafaa inunuliwe kwa shingo. Jina la kichwani mwa gitaa laweza kubandikwa na yeyote mwenye karatasi ya kunata na vanishi kidogo. Shingo iliyoharibika haifichiki kwa anayejua pa kuangalia. Pikapu zikifa, fundi wa redio atazisuka upya au utapata nyingine. Kidhibiti cha sauti kikikwaruza, kinasafishwa. Daraja likiliwa na kutu, linabadilishwa kwa muda mfupi. Shingo ikishindikana, besi nzima imekwenda, maana kutengeneza shingo mpya ni kazi ambayo sijaona ikifanywa vizuri kati ya Entarara na Kitengela, na ya kuagiza ng'ambo mara nyingi inakugharimu kuliko ulivyolipia gitaa lenyewe.

Somo hilo nililipata kwa mzee mmoja aliyepiga besi katika bendi za hoteli, Mombasa kisha Nairobi, miaka ya 1970 na 1980, kabla hajarudi Kajiado kufuga. Kila besi niliyosikia inauzwa, nilijitahidi aione kwanza. Hakuwahi kuniuliza imeandikwa nini. Aliielekeza kichwa kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akatazama ukingo wa shingo kutoka chini hadi juu, upande wa uzi mnene kisha upande wa uzi mwembamba. Aliikagua kama anavyomkagua ng'ombe sokoni: miguu na meno kwanza, bei baadaye.

"Tazama pande zote mbili, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Iliyopinda sawasawa inanyooka. Iliyojisokota, hiyo mwachie mwenyewe."

Nyuzi nne za besi ya kawaida, ile ambayo uzi wake una urefu wa inchi 34 kutoka mfupa wa juu hadi darajani, zinavuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala chini ya kitanda. Ndiyo sababu ndani ya shingo huwekwa fimbo ya chuma inayokazwa kwa nati ili kuuzuia mti usiinamie nyuzi. Kipimo cha mzee ni rahisi na hakihitaji chombo chochote. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha uangalie katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Pawe na nafasi ndogo ya kupitisha kadi nyembamba. Kusipokuwa na nafasi kabisa, shingo imerudi nyuma na nyuzi zitapiga kelele juu ya freti. Nafasi ikiwa kubwa kiasi cha kupitisha sarafu, shingo imeinama.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hutosheka na ahadi ya muuzaji kwamba "inakazwa tu." Usitosheke. Omba uione ikikazwa. Ilegeze nati kidogo kwanza, ujue kama inazunguka, ndipo uikaze kwa robo mzunguko. Ikiwa haina pa kwenda tena na shingo bado imeinama, mtu fulani kabla yako ameshaimaliza nguvu yake. Katika Fender nyingi za zamani nati hiyo iko upande wa mwili, kwa hiyo huna budi kuing'oa shingo ili uifikie, na muuzaji asiyetaka uing'oe anakueleza jambo muhimu bila kufungua kinywa.

Kwa nini kuhangaika hivi na magitaa ya kale? Kwangu jibu liko kwenye nyimbo nilizokua nikizisikia redioni. Les Wanyika walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 na kutoa "Sina Makosa," kilichowashika watu kabla hata sauti ya kwanza kuimba ni magitaa, na chini yake besi ya Tom Malanga. Besi ile haibebi wimbo mgongoni kimyakimya. Inatembea, inasimama pale usipotarajia, inajibizana na gitaa la kati. Benga nayo, ya D. O. Misiani na Shirati Jazz na wenzake wa kando ya Ziwa, iliipa besi kazi ya kusukuma mchezaji miguuni. Muziki wetu wa zilizopendwa ni muziki wa besi kuliko watu wanavyokiri. Harusi ya Kitengela ikichangamka, mzee wa miaka sabini akainuka kitini, mara nyingi kilichomwinua ni besi.

Vijana wanaposikia mlio ule huamini umo ndani ya mbao za zamani. Sehemu ndogo ni kweli. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni vidole na aina ya nyuzi. Besi za umeme za mwanzo zilivishwa nyuzi bapa, zile zenye uso laini ambazo mlio wake ni mzito na mfupi. Nyuzi za waya wa mviringo, zenye mlio mkali unaong'aa, zilienea baada ya kampuni ya Rotosound ya Uingereza kuzitoa miaka ya 1960, na leo ndizo zilizojaa madukani. Kwa hiyo kijana anayeuza pikipiki ili anunue besi ya mwaka 1970 angeanza na seti ya nyuzi bapa kwenye besi aliyonayo, akasikilize, ndipo aamue kama pikipiki iende.

Lakini ukishaamua kununua, jifunze kusoma gitaa lilipozaliwa. Historia fupi inatosha. Leo Fender alitoa Precision Bass huko California mwishoni mwa 1951. Pikapu yake iliyogawanywa vipande viwili, ambayo wengi tunaijua, ilikuja mwaka 1957. Jazz Bass ikafuata 1960. Mwanzoni mwa 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS, na wakusanyaji wa Marekani hadi leo hulipa zaidi kwa gitaa la kabla ya tarehe hiyo. Tangu 1976 nambari za Fender za Marekani zilihamia kichwani: S ni ya miaka ya sabini, E ya themanini, N ya tisini. Mwaka 1982 Fender walianza kutengenezewa magitaa Japani, na yale ya mwanzo yana nambari zinazoanza na JV. Ibanez za Japani za kipindi hicho zinasomeka kwa urahisi kuliko zote: herufi ya kwanza ni mwezi, kuanzia A kwa Januari hadi L kwa Desemba, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. H78 ni Agosti 1978.

Nambari ni ushahidi wa kwanza tu. Bamba la chuma lenye nambari linauzwa peke yake, na shingo ya gitaa moja inaingia kwenye mwili wa jingine bila shida. Ushahidi ninaouamini umo ndani.

Kitengela, nyuma ya duka la spika zilizotumika, niliwahi kuonyeshwa besi ya rangi ya machweo, nyeusi pembeni na manjano katikati, iliyoandikwa Fender Jazz Bass. Kijana aliyeiuza alitaka elfu sitini.

"Bosi, hii ni orijino. Ya sitini na mbili. Ilikuwa ya mzungu."

"Ni nzuri," nikamwambia, na ilikuwa nzuri kweli. "Nipe bisibisi."

Nilipoigeuza tu, nilihesabu skrubu zinazoshika shingo. Zilikuwa tatu. Fender walianza kufunga shingo ya Jazz Bass kwa skrubu tatu katikati ya miaka ya 1970. Ya 1962 ina nne. Hapo hadithi ya mzungu wa sitini na mbili ilikuwa imekwisha, lakini bado nilitaka kujua nilichoshika ni nini. Nikafungua bamba la vidhibiti. Kwenye gitaa la Marekani la miaka hiyo, mgongoni mwa kila kidhibiti huwa pamegongwa tarakimu: tatu za kwanza ni za kiwanda, 137 ikiwa ni CTS, 304 ikiwa ni Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki. 137 6612 ni kidhibiti cha CTS cha wiki ya 12 ya mwaka 1966. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vidhibiti vyake, isipokuwa vimebadilishwa, na vikibadilishwa risasi mpya iliyolehemewa hung'aa kuliko ya zamani iliyofifia. Hapa vidhibiti vilikuwa vidogo, vya Kijapani, risasi imefifia kote sawasawa. Hakuna aliyewahi kuvigusa. Kichwani, nilipolielekeza kwenye jua, ukingo wa karatasi ya jina ulionekana umeinuka juu ya vanishi, na chini yake kivuli cha herufi nyingine zilizokwanguliwa.

Ilikuwa nakala ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya sabini. Wajapani wa wakati huo walinakili kwa bidii kiasi kwamba mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa Ibanez kule Marekani, kwa sababu ya umbo la vichwa vya magitaa yao. Kuna nakala zilizotengenezwa vizuri kuliko baadhi ya magitaa yaliyonakiliwa, kwa kuwa miaka ya sabini viwanda vya Marekani navyo vililegea: mbao nzito, nafasi kubwa kati ya shingo na mwili, besi yenye uzito wa karibu kilo tano inayomchosha mpigaji kabla ibada haijafika nusu. Hii ya Kitengela ilikuwa nyepesi. Shingo ilikuwa imenyooka, nati inazunguka pande zote mbili, freti zimelika kidogo tu karibu na kichwa. Nilimwonyesha kijana kila kitu nilichokiona, pamoja na ile karatasi, bila kupandisha sauti, kwa sababu naamini naye aliuziwa hadithi ileile. Tuliafikiana bei ya nakala nzuri ya Kijapani. Ninaipiga hadi leo, na kichwa chake sasa hakina jina lolote, nililitoa.

Mahali gitaa lilipoishi pia huonekana. Besi iliyokaa Mombasa au Malindi miaka mingi utaijua kwa skrubu ndogo za darajani. Upepo wa chumvi huzila hadi zikagoma kuzunguka, na kromu huota vipele vya kijani. Weka tone la mafuta ya kupenya usiku kucha kabla ya kulazimisha, la sivyo skrubu itakukatikia ndani. Kisha besi hiyo ikipandishwa huku kwetu, mti wake uliozoea unyevu wa pwani hukauka na kujikaza. Shingo inapungua upana kidogo, lakini freti za chuma hazipungui, kwa hiyo ncha zake zinatokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Wengi hudhani freti zimeng'oka. Hazijang'oka. Lipe gitaa miezi kadhaa lizoee, ndipo fundi mwenye tupa laini azisawazishe ncha hizo. Ukifanya haraka utatupa chuma ambacho mvua za Machi zingekirudisha mahali pake.

Katika miezi ya ukavu mimi huweka kisahani cha sabuni kilichotobolewa ndani ya mkoba wa gitaa, na ndani yake kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoki. Vumbi letu nalo ni adui. Huingia kwenye tundu la waya na ndani ya vidhibiti, ndipo besi ikaanza kukwaruza kila unapogusa kitufe. Dawa yake ni dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ile ya kopo inayokauka yenyewe. Nimeona fundi akichovya brashi kwenye thina. Thina huyeyusha vanishi ya zamani ya nitroselulosi papo hapo, na huwezi kuirudisha.

Kuna jambo moja la umeme nisiloweza kulipita kwa haraka, kwa sababu linahusu uhai. Makanisa mengi ya huku hutumia jenereta, waya wa kurefusha uliounganishwa kwa tepu, na amplifaya kuukuu ambayo mguu wake wa tatu wa plagi umekatwa au haujaunganishwa na ardhi. Nyuzi za besi zimeunganishwa kwa makusudi na waya wa ardhi wa amplifaya, kupitia waya mwembamba ulio chini ya daraja. Ndiyo maana mvumo hupungua unapozigusa. Ikiwa amplifaya ina hitilafu na haina ardhi, umeme hupanda kwenye nyuzi, na mpigaji anayegusa maikrofoni kwa midomo anaufungulia njia. Umeme wetu ni volti 240. Mwanakwaya akisema maikrofoni "inamuuma," asiambiwe avumilie au avae viatu vya mpira. Zima kila kitu, tafuta ardhi iliyokatika, ndipo muendelee. Na besi ambayo mvumo wake unaongezeka ukigusa nyuzi, usiipige mbele za watu hadi ifunguliwe na ikaguliwe.

Nyuzi mpya za besi ni ghali, na kila mpigaji niliyemjua amewahi kuzichemsha. Nami huzichemsha. Unazifungua moja moja, si zote kwa pamoja, ili shingo isiachwe ghafla bila mvuto. Unazikunja kwa duara pana, unaziingiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota na siki kidogo. Baada ya dakika chache maji yanageuka kijivu, utando wa mafuta ukielea juu: jasho la mikono na ngozi iliyojisaga katikati ya mizunguko ya waya. Unazitoa, unazifuta kwa kitambaa kikavu, unazianika juani hadi zikauke kabisa, vinginevyo kutu itaanza kutoka ndani. Zikirudi kwenye gitaa, mng'ao unarudi, ila kwa muda mfupi kuliko wa nyuzi mpya, na kila kuchemsha kunazidhoofisha. Uzi unaogoma kukubaliana na freti ya 12, yaani noti ya kubonyeza hapo inakataa kulingana na ile inayolia ukiugusa kidogo tu mahali palepale hata baada ya kusogeza tandiko la darajani, umekwisha. Nyuzi bapa sizichemshi. Uchafu ndani yake ni sehemu ya mlio ninaoutaka.

Kuhusu rangi, nina msimamo mkali. Mikwaruzo ya besi kuukuu haizuii kitu. Nimekutana na besi nyingi zilizoharibiwa na msasa na rangi ya gari kuliko zilizoharibiwa na miaka ya kupigwa, kwa sababu rangi nzito huingia hata kwenye kiti cha shingo na kuizuia isikae sawasawa. Kidole gumba kikichimba shimo juu ya pikapu, kiache. Ubao wa vidole wa mti mweusi au mwekundu usio na vanishi upakwe mafuta kidogo sana ya limau au kitani, mara moja au mbili kwa mwaka, usipakwe mafuta ya kupikia. Shingo ya mepo yenye vanishi haihitaji mafuta yoyote. Kila kipande cha asili unachokibadilisha, pikapu, kigingi, hata skrubu, kitie kwenye bahasha na uiandikie tarehe. Atakayeinunua kwako siku moja ataihitaji.

Kamati ya vijana wa kanisa letu hapa Entarara sasa inachangisha fedha za besi. Wako wanaotaka mpya kutoka dukani, kwa kuwa ina karatasi ya dhamana na inang'aa, na wako wanaotaka kuukuu kwa sababu wamenisikia nikizungumza. Nimewaambia kwamba besi mpya ya bei ya chini si dhambi. Nyingine zina shingo nzuri. Lakini kwa fedha hizohizo Nairobi unaweza kupata Yamaha au Ibanez ya miaka ya themanini au tisini, iliyotengenezwa kwa mti uliokauka vizuri na chuma kisicholegea, mradi aende mtu atakayetazama shingo. Binti anayejifunza besi ana umri wa miaka 13 na mikono midogo, kwa hiyo nimependekeza watafute yenye uzi mfupi, wa inchi 30, hata kama wauzaji huziita za watoto. Höfner 500/1 aliyoipiga Paul McCartney ina urefu wa karibu hapo, na hakuna aliyewahi kuiita ya mtoto. Robo ya fedha wasiitumie siku ya kununua. Hiyo ni ya nyuzi, ya mkoba mgumu, na ya fundi atakayeunganisha ardhi ya amplifaya ya kanisa kabla binti huyo hajaishika besi yoyote.